Fomu niliyoikunja mfukoni

Saa tisa za usiku, wodi ya wagonjwa 32, wauguzi wawili. Mwenzangu alikuwa ameshuka kumpokea mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji. Mimi nilibaki na mama wa kitanda namba 11 ambaye dripu yake ilikuwa imegoma kushuka. Kilichotakiwa ni kusukuma maji ya chumvi kidogo kwenye kanyula, ule mrija mwembamba uliochomekwa mshipani, ili njia izibuke, jambo ambalo muuguzi hulifanya mara kumi kwa zamu moja bila kulifikiria. Nikavuta droo ya pili, nikachukua ampuli, kichupa kidogo cha dozi moja, nikakata kichwa chake, nikavuta mililita 5, nikaenda.

Yule mama alikuwa macho. Aliponiona akaninyooshea mkono mwenyewe, kama watu waliolala hospitalini siku nyingi wanavyofanya. Nilipokuwa nafungua kifuniko cha kanyula akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ndiyo ya maumivu?" Nikamwambia hapana mama, hii ni ya kusafisha njia tu. Katika kumjibu macho yangu yakashuka kwenye trei. Ampuli tupu ilikuwa imelala maandishi juu. Ilikuwa potasiamu kloraidi.

Kwa asiyeijua kazi hii: potasiamu kloraidi ni dawa tunayoihitaji sana. Mgonjwa aliyepungukiwa na madini hayo huchanganyiwa kwenye maji mengi ya dripu, akashushiwa polepole kwa saa kadhaa. Ukiisukuma kavukavu mshipani, moyo unaweza kusimama. Ampuli zetu za dawa hiyo na za maji ya chumvi zilikuwa za plastiki ileile, ukubwa uleule, maandishi ya bluu yaleyale, na zote zilikaa katika droo moja. Kilichozitenganisha ni kipande cha boksi ambacho mtu fulani, siku fulani, alikikata kwa mkasi na kukisimamisha katikati.

Nikamwambia, "Samahani mama, ngoja nikubadilishie sindano." Akasema haya, mwanangu. Nikarudi chumba cha dawa, nikashika ukingo wa sinki mpaka miguu ikaacha kutetemeka. Kisha nikachukua fomu ya taarifa za matukio, ile ya kuripoti kosa au hatari, kwenye faili lake, nikakaa, nikaandika tarehe, saa na namba ya kitanda. Nikafika penye mstari unaosema: *Jina la mtumishi aliyehusika*. Nikaikunja fomu mara nne, nikaitia mfukoni mwa sare. Ilifuliwa pamoja na sare.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka 19, na miaka 7 ya mwisho niko katika kamati ya usalama wa wagonjwa. Nimekaa kwenye semina nyingi za kueleza kwa nini wahudumu hawatoi taarifa za makosa, na jibu la kwanza karibu kila mara ni kwamba hawana elimu ya kutosha. Sikubaliani nalo, kwa sababu mimi usiku ule nilikuwa na elimu yote. Nilijua fomu ipo wapi na inajazwaje. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo yake na hata nimesaini karatasi ya mahudhurio. Nilichokuwa nakijua zaidi ya hayo yote ni yaliyompata mwenzetu miezi miwili kabla.

Yeye alimpa mgonjwa dozi ya antibayotiki mara mbili, akaandika fomu siku hiyohiyo, kwa uaminifu kabisa. Siku ya tatu akapewa barua ya kujieleza. Akaketishwa mbele ya watu watano, na swali la kwanza likawa kwa nini alifanya uzembe. Hakuna aliyetaka kujua kwamba kadi ya dawa ya mgonjwa yule ilikuwa imejaa, ikanakiliwa kwenye kadi mpya, na ya zamani ikaachwa palepale kitandani. Kadi mbili, dozi mbili. Wiki iliyofuata akahamishiwa kitengo kingine, na sisi tuliobaki tukajifunza somo ambalo hakuna semina ingeweza kulifuta. Katika wodi watu hawasomi sera ya hospitali. Wanamtazama aliyeandika fomu kabla yao, na wanatazama amerudije kutoka ofisini. Tangu hapo msemo wa wodi yetu ukawa funika kombe mwanaharamu apite. Ulisemwa kwa upole kabisa, na watu wazuri, kwa nia ya kulindana.

Wiki tatu baada ya usiku wangu, muuguzi wa zamu nyingine alifungua droo ileile. Huyo hakuulizwa swali na mgonjwa. Alianza kusukuma, mgonjwa akapiga kelele kwamba mkono unaungua moto, naye akaacha papo hapo, pengine mililita moja ikiwa imeingia. Mgonjwa alikimbizwa chumba cha uangalizi maalumu, moyo wake ukafuatiliwa usiku kucha, akapona. Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, mwenzetu akaeleza huku analia. Kukawa kimya. Kisha dada mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi iliwahi kunitokea, ila niliiona kabla." Mwingine akasema hata yeye. Mimi nikawa wa tatu. Watu watatu tulikuwa tumeiona hatari ile kwa macho yetu, kila mmoja akaondoka nayo kimya.

Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu ndege ya TWA, shirika la ndege la Marekani, safari namba 514, nikalazimika kuweka kitabu chini. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege hiyo ilikuwa inaelekea kutua uwanja wa Dulles, nje ya Washington. Marubani walikielewa kibali walichopewa kuwa kinawaruhusu kushuka hadi kimo cha chini, wakati mbele yao kulikuwa na mlima. Watu wote 92 waliokuwamo walikufa. Uchunguzi ulipofanyika ikajulikana kwamba wiki 6 kabla, marubani wa shirika jingine walikielewa vibaya kibali cha namna hiyohiyo, mahali hapohapo, wakaukosa mlima kwa kimo kidogo tu. Wao waliripoti kwa shirika lao, na shirika likawaonya marubani wake. Wa TWA hawakuwa na njia ya kusikia.

Wenzetu wa anga walilifanyia kazi jambo hilo kwa namna ambayo sisi wa hospitali tungepaswa kuisoma kwa makini. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilianzisha mpango wa kupokea taarifa mwaka 1975, lakini marubani hawakuwa na imani nao. Nani angepeleka kosa lake kwa yuleyule mwenye uwezo wa kumnyang'anya leseni? Mwaka 1976 kazi ya kupokea ikakabidhiwa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ambayo haimwadhibu rubani yeyote. Anayetuma taarifa ndani ya siku 10, kwa kosa ambalo hakukusudia na ambalo si ajali wala jinai, analindwa asiadhibiwe na mamlaka kwa kosa hilo. Majina huondolewa. Na kila mwezi hutoka jarida dogo linalowarudishia marubani yale ambayo wenzao wameyaandika. Hadi leo mpango huo umepokea taarifa zaidi ya milioni 2. Sidhani kama marubani wana roho safi kuliko wauguzi. Waliandika kwa sababu aliyepokea hakushika fimbo, na kwa sababu kulikuwa na kitu kinachorudi.

Kuna nchi zilizofanya hivyo hospitalini pia. Denmark ilipitisha sheria, ikaanza kutumika mwaka 2004, inayowataka wahudumu wa afya kutoa taarifa za matukio, na papo hapo inakataza mhudumu kuchukuliwa hatua na mwajiri, na msimamizi wa taaluma au na mahakama kwa sababu ya kutoa taarifa hiyo. Baadaye, mwaka 2011, mlango ukafunguliwa hata kwa wagonjwa na ndugu zao. Hili la wagonjwa nalipenda sana. Mimi niliokolewa na swali la mama aliyekuwa kitandani.

Upande wa pili kuna habari iliyozunguka wodini kwetu kwa simu za mkononi mwaka 2022. Huko Tennessee, Marekani, muuguzi alikuwa amempa mgonjwa dawa ya kulegeza misuli badala ya dawa ya kumtuliza. Mgonjwa alifariki. Kosa lilitokea mwaka 2017, na muuguzi alilikiri tangu mwanzo. Machi 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa jinai, na Mei akapewa kifungo cha nje cha miaka 3. Siandiki haya kupunguza uchungu wa familia ile. Walimpoteza mtu wao, na walistahili majibu yote. Ninachokijua ni kwamba wiki ile hakuna fomu hata moja iliyoletwa kwenye kamati yetu. Muuguzi mmoja kijana aliniuliza koridoni, "Sista, hizi fomu zinaweza kupelekwa mahakamani?" Nilimpa jibu la kweli kadiri nilivyoijua sheria inayotuhusu, na niliona jinsi alivyoshuka mabega.

Sisemi kwamba kila kitu kisamehewe. Anayekuja zamu amelewa, au anayebadilisha maandishi kwenye faili ili kuficha, huyo hayumo katika mazungumzo haya. Lakini hao ni wachache mno, na utaratibu wote umejengwa kana kwamba kila mwenye fomu mkononi ni mmoja wao.

Wengi hudhani suluhisho ni fomu isiyo na jina. Nimeliona hilo likijaribiwa. Wodi yenye watumishi 14, kila mmoja anaujua mwandiko wa mwenzake na kila mmoja anajua nani alikuwa zamu. Kisha fomu inasema "mgonjwa alipewa dawa isiyo yake," unataka kuuliza ilikuwaje, na huna wa kumuuliza. Naona ni afadhali jina lijulikane na mtu mmoja anayeaminika, naye alifunge kinywani mwake. Mtu huyo akikosekana hospitalini, kufuta jina hakusaidii kitu.

Urefu wa fomu nao una uzito wake. Yetu ya zamani ilikuwa na kurasa 4, na mtu akimaliza zamu ya usiku hawezi kuanza kuchagua namba za aina ya tukio. Siku hizi ni ukurasa mmoja.

Lililobadilisha wodi yetu hasa lilikuja na msimamizi mpya, mwanamama aliyebakiza miaka michache kustaafu, ambaye sote tulimwita Matroni. Mwezi wake wa kwanza hakuhubiri lolote kuhusu fomu. Alitundika ubao mdogo mlangoni mwa chumba cha dawa, akauchora safu mbili: *Mlichosema* na *Kilichofanyika*. Kila Jumatatu asubuhi aliandika kwa mkono wake. La kwanza lilikuwa la taa. Kuna mtu aliandika fomu kwamba taa ya juu ya meza ya dawa imefifia na usiku maandishi madogo hayasomeki. Fomu kama hiyo iliwahi kuandikwa miaka miwili nyuma, ikaenda, ikapotelea huko. Safari hii, Jumatatu iliyofuata, safu ya pili ikasema: taa imebadilishwa Alhamisi. Ukiinua macho uliiona inawaka. La pili lilishindikana, na hilo nalo aliliandika: tumeomba mashine nyingine ya kupima presha, tumekataliwa mwaka huu, tutaomba tena Januari. Watu walisimama mbele ya ubao ule wakiwa na vikombe vyao vya chai, wanausoma.

Utafiti uliofanywa katika hospitali za Australia Kusini na kuchapishwa mwaka 2006 uliwauliza madaktari na wauguzi ni nini kinawazuia kuripoti. Kutopata mrejesho lilikuwa miongoni mwa majibu makuu. Hofu huzungumzwa sana, na ni ya kweli, lakini kuandika kitu na kisirudi chochote kunachosha moyo kwa namna nyingine. Mtu huacha bila hata kuogopa; anaona tu kwamba dakika zake 15 zingemfaa zaidi mgonjwa wa kitanda cha 6.

Baada ya ubao ule, fomu zilizokuwa hazifiki kumi kwa mwaka zikaanza kupita kumi kwa mwezi. Hapo tukapata taabu mpya. Kwenye kikao cha hospitali ilionyeshwa chati, wodi yetu ikawa imesimama juu ya zote kama mlingoti, na kiongozi mmoja akauliza kuna tatizo gani kule. Matroni alijibu kwa utulivu kwamba tatizo lilikuwapo siku zote, na sasa tunaliona. Nusu ya waliokuwa ndani hawakumwelewa.

Hata watafiti ilibidi wajifunze hilo. Amy Edmondson, alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu miaka ya 1990, alipima makosa ya dawa katika timu za hospitali, akitarajia timu zenye uongozi mzuri na ushirikiano zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi. Alipochunguza zaidi akaona kwamba katika timu hizo watu walikuwa huru kusema, na kwingine makosa yalifichwa. Ndiyo maana nakasirika, na nasema wazi kwamba nakasirika, kila hospitali inapogeuza idadi ya fomu kuwa shindano la wodi. Ukimpa tuzo mwenye fomu chache, umelipia ukimya.

Madaktari walikuwa hadithi ngumu zaidi. Kwa jumla wao huandika fomu kidogo kuliko wauguzi. Wana vikao vyao vya kujadili vifo na matatizo, na vikao hivyo vina faida, ila yanayosemwa mle hayamfikii mfamasia wala muuguzi wa usiku. Kwa daktari aliye mafunzoni kuna jambo jingine zito: anayesaini tathmini yake mara nyingi ndiye aliyekuwapo kosa lilipotokea. Mmoja aliniambia, "Sista, nikiandika tukio hilo nitakuwa namwandika bosi."

Hilo halikuvunjwa na waraka wowote. Asubuhi moja, katika mzunguko wa wodi, daktari bingwa wa upasuaji alisimama mbele ya wanafunzi wake wote, akaomba fomu. Siku iliyotangulia alikuwa ameandika mguu wa kushoto kwenye karatasi ya ridhaa badala ya wa kulia, muuguzi wa chumba cha upasuaji akalikamata. Aliijaza palepale, ameegemea kitanda, akisoma kwa sauti anachoandika, pamoja na jina lake. Ilimchukua dakika 6 hivi. Wiki ile tulipokea fomu mbili kutoka kwa madaktari walio mafunzoni, za kwanza tangu niingie kwenye kamati.

Kuna matukio ambayo hata woga ukiondoka na majibu yakirudi, bado hayaandikwi, kwa sababu hakuna anayeyaona kuwa matukio. Mwaka 2012 ofisi ya ukaguzi ya wizara ya afya ya Marekani ilitoa ripoti kwamba mifumo ya taarifa ya hospitali ilinasa takriban asilimia 14 tu ya madhara yaliyowapata wagonjwa wazee wa bima ya serikali. Kwa sehemu kubwa ya yaliyobaki, wahudumu hawakudhani kwamba ni jambo la kuripotiwa. Naamini kabisa. Mgonjwa akianguka kitandani, kila mtu anajua hilo ni tukio. Antibayotiki ya saa kumi na mbili jioni ikitolewa saa tatu usiku kwa sababu watu ni wachache, hiyo tunaiita kazi. Kidonda cha mgongo kwa mgonjwa wa kiharusi tunakiita kidonda cha kulala, kana kwamba kimeletwa na kulala na siyo na saa nane za kutogeuzwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara akiwa anahudumiwa, na zaidi ya nusu ya madhara hayo yangezuilika. Mengi yamo katika haya tuliyoyazoea.

Yule mwenzangu wa mililita moja alipewa barua ya onyo. Wodini likabandikwa tangazo kwamba wauguzi wawe makini wanapochukua dawa. Droo ikabaki vilevile. Alirudi kazini baada ya siku chache, na kwa muda mrefu nilimwona akisoma kila ampuli mara tatu, midomo ikichezacheza, mikono haitulii. Aliomba asipangwe usiku. Daktari Albert Wu aliandika mwaka 2000 kwamba mhudumu aliyekosea ni mwathirika wa pili, baada ya mgonjwa, na nikimfikiria dada yule najua alichomaanisha. Watu walimhurumia kwa macho. Hakuna aliyekaa naye akamuuliza usiku analalaje.

Nilimfuata miezi minne baadaye, nikamweleza habari ya mama wa kitanda namba 11 na fomu niliyoikunja. Asubuhi ile ya kilio nilikuwa nimesema "hata mimi" tu, bila kutaja fomu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu. Alisema, "Ungeandika, ningeijua ile droo," kisha akaendelea kukunja shuka.

Ubao wa Matroni ulipofikisha wiki ya tano, nilichukua fomu mpya. Penye tarehe ya tukio nikaandika ya usiku ule, penye tarehe ya taarifa nikaandika ya siku hiyo, na pengo kati yake likawa karibu mwaka mzima. Nikaandika jina langu. Nikampelekea ofisini, nikasimama nikisubiri swali nililokuwa nimelijibu kichwani mara mia, kwa nini nilifanya vile na kwa nini nilinyamaza. Matroni alivaa miwani, akaisoma yote, akarudi juu akaisoma tena.

"Kile kipande cha boksi," akasema, "usiku huo kilikuwa kimesimama au kimelala?"

Nikamwambia kilikuwa kimelala. Akainuka, akachukua funguo za chumba cha dawa, akaniambia twende nikamwonyeshe.